Wasifu wa mama niliousoma makaburini haukutaja udongo

Pole sana dada yangu kwa msiba. Uzi wako nimeuona saa tano usiku, nikajaribu kulala, usingizi ukagoma. Unasema mama yenu, mwalimu mstaafu wa sanaa, ametangulia juzi, mazishi ni Jumamosi, na kikao cha familia kimekukabidhi wewe kuandika wasifu wa marehemu kwa kuwa ndiye uliyesoma zaidi. Umeandika alizaliwa lini na wapi, ukawataja wazazi wake, basi, kalamu imekwama hapo. Unauliza waliopitia hili waliendeleaje.

Mimi nimepitia. Mama yangu naye alikuwa mwalimu wa kuchora na kazi za mikono, na mwaka 2019 mimi ndiye niliyesoma wasifu wake mbele ya jeneza. Ulikuwa hivi: marehemu alizaliwa mwaka 1957 wilayani Kyela. Alisoma shule ya msingi, kisha sekondari, kisha ualimu Butimba, Mwanza. Mwaka 1980 aliajiriwa na kupangiwa Kondoa. Alifundisha shule tatu. Alistaafu mwaka 2017. Aliugua muda mfupi. Ameacha watoto wanne na wajukuu saba. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Dakika nne zikaisha, mshereheshaji akanishukuru, tukaanza kupanga mstari wa kutoa heshima za mwisho.

Kila neno lilikuwa kweli. Lakini mtu ambaye hakuwahi kumwona mama angetoka pale asijue tumemzika nani. Ungebadilisha jina na wilaya tu, wasifu ule ungemfaa mwalimu yeyote nchini.

Tulipokuwa tunanawa mikono baada ya mazishi akanijia mwanamume wa makamo, fundi wa kuandika mabango, aliyetoka Kondoa kwa kuunganisha mabasi, siku mbili njiani. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Hakunilaumu. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akaniuliza, "Kaka, mbona hukusema habari za udongo?"

Sikuwa na la kumjibu. Ngoja nikuandikie wewe habari za udongo, maana naona jibu lako limo humo humo.

Mama alikuwa Mkisi, wa kule mwambao wa Ziwa Nyasa kupita Matema, chini ya milima ya Livingstone. Wenyeji wa Kyela na Mbeya wanavijua vyungu vya Wakisi: vyepesi, vimenyooka, vina nakshi nyeupe na nyekundu. Hufinyangwa na wanawake. Donge la udongo hukalishwa juu ya kigae, mkono mmoja unakizungusha kigae, mwingine unapandisha ukuta wa chungu. Kikikauka kidogo kinakwanguliwa, kinasuguliwa kwa kijiwe mpaka king'ae, kinapakwa rangi ya udongo, kinachomwa nje, kwenye uwanja wazi. Jumamosi vinapakiwa kwenye mitumbwi kwenda mnadani Matema. Bibi yangu alifanya kazi hiyo mpaka mgongo ulipokataa. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na nyumbani kwa bibi ilikuwa hivyo kweli: vyungu vizima vyote vilipanda mtumbwi, familia ikabaki na vilivyopata ufa. Ada ya shule ya mama ilitoka kwenye mtumbwi ule.

Kazi ya mama utotoni ilikuwa kusaga udongo wa nakshi. Alituambia kwamba alijua nyekundu ni nyingi kabla hajajua kusoma. Kuna nyekundu inayokubali moto na kuna nyekundu inayogeuka nyeusi ukishaichoma, na bibi alikuwa anazitambua kwa ulimi. Alikuwa anaonja. Mama naye alionja udongo maisha yake yote, na sisi watoto tulikuwa tunaona aibu anapofanya hivyo mbele ya wageni.

Butimba nitapita haraka, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na mengi ya kusimulia huko ila mawe. Anayeijua Mwanza anajua mawe yale yaliyopandana kama yamepangwa na mtu. Alichora mawe miaka miwili. Alisema jiwe ndilo mwalimu mzuri wa kivuli, kwa sababu halitikisiki, halichoki na halitaki kulipwa.

Halafu Kondoa, 1980. Wenye umri wa kukumbuka wanajua hali ilivyokuwa. Vita ya Kagera ilikuwa imeisha mwaka uliotangulia, maduka matupu, sabuni kwa foleni, daftari moja linagawanywa kwa wembe watumie watoto wawili. Mwalimu kijana wa sanaa anafika kituo chake cha kazi na andalio la somo linalosema "rangi za maji, brashi, karatasi za manila". Hakukuwa na chochote cha hivyo. Kulikuwa na chaki, nazo zilihesabiwa.

Ila kulikuwa na makorongo. Nchi ya Kondoa Irangi ilikuwa imeliwa na mmomonyoko kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa kuhifadhi ardhi, HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaamuru mifugo yote iondolewe kwenye eneo lile la milima. Baba yangu alikuwa bwana shamba, kazi yake ikiwa kupima makorongo na kusimamia makinga maji. Yeye akishuka korongoni aliona hasara: udongo uliokwenda na maji na hautarudi. Mama akishuka korongo lile lile aliona ukuta umekatwa toka juu hadi chini, na kila tabaka lina rangi yake. Walikutana huko, ni kweli kabisa, baba na fimbo yake ya kupimia na mama na makopo yake ya maziwa. Baba alikuwa anasema alimwona mwanamke analamba ukuta wa korongo akadhani ana mimba.

Wenyeji ni Warangi, na mama alilifurahia hilo tangu siku ya kwanza. Alikuwa akisema serikali imempeleka kwa Warangi kufundisha rangi. Wanafunzi wakamwita Mwalimu Rangi, na jina likamganda mpaka kustaafu.

Sasa nikueleze alivyofanya, kwa sababu hili ndilo fundi wa mabango alilokuwa analitaka, na mimi nimelifanya kwa mikono yangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Udongo unachimbwa ukutani, kila tabaka na kopo lake. Unaanikwa juani siku mbili. Unatwangwa kwenye kinu kilichostaafu, si kile cha nyumbani. Unachekechwa kwa kipande cha kanga iliyochakaa. Kisha unatiwa kwenye ndoo ya maji, unakorogwa, unahesabu taratibu mpaka thelathini: mchanga unazama. Yale maji yenye rangi yanayobaki juu unayamimina kwenye chombo kingine, unayaacha yatuame usiku kucha. Asubuhi juu kuna maji meupe, unayamwaga, chini kimebaki kitu kama uji mzito, laini, hakina hata punje. Kianike kikauke, umepata kidonge cha rangi. Gundi yake ni ile ya mgunga inayotoka kwenye magome. Unailoweka tangu jana, unaichuja, unaichanganya na rangi kidogo kidogo. Kipimo hakikuwa cha kijiko. Mama alipaka mstari mmoja kwenye karatasi, akausubiri ukauke, akausugua kwa kidole gumba. Ukitoa vumbi, gundi haijatosha. Ukipasuka pasuka kama tope la bwawa lililokauka, gundi imezidi. Mtoto wa darasa la nne alikuwa anajua hilo vizuri kuliko jedwali la saba.

Tulipata nyekundu, damu ya mzee, chungwa, manjano ya aina mbili, hudhurungi, kijivu, nyeupe, na nyeusi ya mkaa. Bluu haikuwemo korongoni. Bluu ilitoka kwenye ile bluu ya kufulia mashati meupe, na ilikuwa adimu, mama akiifunga kwenye leso kama hela. Kijani alichanganya bluu hiyo na manjano ya jikoni. Majani aliyakataa: "Yatakudanganya wiki moja, halafu yanakuwa kahawia."

Brashi ilikuwa kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha, au manyoya ya mbuzi yaliyofungwa na uzi kwenye mtete. Karatasi ilikuwa mfuko wa saruji. Kila palipojengwa kitu mjini, mama alikuwepo kabla mafundi hawajaondoka. Mfuko wa saruji wa wakati ule una matabaka. La nje lina maandishi, la ndani lina saruji, la katikati ni kaki safi. Tulifundishwa kuyabandua bila kuyachana, kuyakung'uta tukiwa tumesimama upande upepo unakotoka, kuyafuta kwa kitambaa kikavu. Mpaka leo nikipita penye ujenzi macho yanakwenda yenyewe kwenye mifuko.

Somo lenyewe alilifundisha kwa sentensi moja aliyoirudia miaka thelathini na saba: "Usichore mbuzi unayemjua, chora mbuzi uliyemwona." Mbuzi unayemjua ana miguu minne na mkia. Mbuzi aliyefungwa pale chini ya mti anaonekana miguu mitatu tu, wa nne umejificha, na sikio moja limekunjwa. Watoto waligoma. Walichora miguu minne kwa sababu mbuzi ana miguu minne, mwalimu. Mama aliwatoa nje darasa zima, wakakaa chini kumtazama mbuzi mmoja kipindi kizima bila penseli. Mwalimu mwenzake aliyepita alidhani wamepewa adhabu.

Kuhusu shule sitataja ipi, haina maana tena. Sanaa haikuwa somo la mtihani wa darasa la saba, na wewe dada unajua hilo linamaanisha nini. Bila shaka mama yako aliyaonja hayo hayo. Kila muhula wa pili ulipoanza, vipindi vya mama vilichukuliwa vikapewa Hisabati. Mwaka mmoja viliondolewa kwenye ratiba vyote. Hakugombana. Aliomba apewe hivyo vipindi vya Hisabati avifundishe yeye. Akaja na ukili. Akawafundisha kusuka ukanda wa mkeka wenye nakshi, na ndani ya nakshi wakajifunza sehemu, uwiano na maumbo yanayojirudia, maana ukikosea kuhesabu mara moja tu, nakshi inakwenda kombo na kila mtu anaiona. Mkaguzi alipofika alikuta darasa limeshika miyaa badala ya kalamu. Alikaa nyuma mpaka kengele. Aliandika nini kwenye ripoti yake sijui, ila alipoondoka alibeba kipande cha ukili mkononi.

Wazazi nao walimjia. Mzee mmoja alifika na fimbo, analalamika mwanawe anapoteza muda, kuchora ni kazi gani. Mama alimkaribisha kiti, akamwambia kwamba mtu wa kwanza kuiwakilisha Tanganyika kule London, ilipopata uhuru, alikuwa mchoraji. Sam Ntiro, mwana wa Machame, aliyefundisha kuchora Makerere, aliyechora watu wa kwao wakilima na wakibeba pombe ya ndizi kwenda harusini, na makumbusho kubwa ya New York ikainunua picha hiyo mwaka 1960. Yule mzee aliuliza, "Balozi?" Mama akasema balozi. Mtoto akaruhusiwa kuendelea. Ni huyo huyo fundi wa mabango.

Habari nyingine aliyopenda kuisimulia ni ya Edward Saidi Tingatinga, lakini hakuisimulia kama wanavyoisimulia kwa watalii. Yeye alisisitiza muda. Mtu katoka Tunduru, hana chuo, kaanza kupaka wanyama kwenye silingibodi kwa rangi za kupakia baiskeli mwaka 1968, na mwaka 1972 amekufa kwa risasi ya polisi waliomdhania mwingine. Miaka minne. "Miaka minne ndiyo mnayokaa hapa toka darasa la nne hadi la saba," aliwaambia. "Msiniambie hamna muda."

Halafu kuna Kolo. Kama ningeruhusiwa kuweka jambo moja tu kwenye wasifu, ningeweka hili.

Michoro ya miambani ya Kondoa siku hizi inajulikana, tangu mwaka 2006 imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Mwaka 1992, nilipokuwa darasa la nne, ilikuwa ni mapango tu kule juu ya Kolo, barabara ya kwenda Babati, na wenyeji walikuwa wanapanda huko kutambika, kama wanavyofanya mpaka leo. Mama alikwenda kwanza peke yake kuomba ruhusa kwa wazee. Akarudi na masharti: msiguse, msipige kelele, msimwagie maji. Alituongezea la kwake, la kutokuchora chochote mpaka yeye aseme. Tulipakiwa kwenye lori watoto arobaini na kitu, tukapanda kilima kwa miguu, tukaketi chini ya mwamba.

Mwanzoni huoni kitu. Jiwe limejaa madoa ya kutu. Baada ya muda jicho linazoea na doa linakuwa mguu wa pofu, yule swala mkubwa. Halafu twiga. Halafu watu, warefu, wembamba kama mistari, vichwa vikubwa kana kwamba nywele zimetimuliwa na upepo. Mama hakutuonyesha kwa kidole hata kimoja. Alitungoja. Mtoto mmoja akapiga kelele ya kunong'ona, "Mwalimu, wapo!" na ghafla wakaanza kuwaona wote, mmoja baada ya mwingine, kama nyota zinavyotokea magharibi.

Kuna sehemu wamechorwa watu, na wa katikati ameshikwa mikono huku na huku. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikaa huko mwaka 1951 akiinakili michoro ile, na watu waliokuja baadaye wamezoea kusema pale mwanamke anatekwa. Mama alitueleza hivyo, kisha akatuuliza, "Nyinyi mnaona nini?" Mmoja akasema wanacheza ngoma. Mwingine akasema yule wa kati ni mgonjwa, wanamshikilia asianguke. Mwingine akasema ni bibi harusi hataki kwenda. Mama akamwuliza kila mmoja, "Umeona nini kilichokufanya useme hivyo?" Na kila mmoja ilibidi aeleze: mguu wake umekaa hivi, kichwa cha yule kimeinama vile. Hakutuambia nani kapatia.

Kabla ya kushuka alimwita yule mtoto wa mzee wa fimbo. Akatoa mfukoni kidonge cha rangi yetu nyekundu, ya korongoni, akakishika hewani karibu na jiwe, bila kuligusa. Rangi ilikuwa ile ile. Haikuwa inafanana, ilikuwa ile ile. Mtoto alitazama kidonge, akatazama jiwe, akatazama mikono yake mwenyewe iliyokuwa na madoa ya kazi ya jana. Mama hakusema neno. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, niliuona uso wake yule kijana, na nakuambia dada, watu hawajiungi na ufundi kwa kushauriwa.

Macho yalianza kumsumbua kwenye mwaka 2009. Hatukujua. Alikuwa anagonga miimo ya milango, anamwaga chai pembeni ya kikombe, tukasema ni uchovu. Ushahidi ulikuwa kwenye michoro yake na hakuna aliyeusoma: pande za karatasi zilibaki tupu, picha zikaanza kusogea katikati, mwaka hadi mwaka nyembamba zaidi. Ilikuwa presha ya macho. Huanzia pembeni na haiumi, na uoni uliopotea haurudi. Dawa ya matone inazuia tu usizidi kupotea. Nakusihi wewe na kila anayesoma hapa, kama mzazi wako anayo, kapime na wewe mapema, hata kama unaona vizuri. Mimi na dada yangu tumepimwa, na yeye ameanza matone.

Alipostaafu alirudi Kyela, akaacha karatasi akarudi kwenye udongo. Bibi alikuwa ameshafariki, ila wanawake wa rika la mama walikuwepo bado wanafinyanga, wakampa kigae na nafasi kivulini. Vyungu vyake vya kwanza vilikuwa vibaya, mwenyewe alisema hivyo. Vya mwaka wa pili nilishindwa kuvitofautisha na vya wengine. Alikuwa anafinyanga amefumba macho kabisa. Nilimwuliza kwa nini, wakati bado anaona kidogo. Akasema lile dogo linamchanganya. Udongo wa nakshi alikuwa bado anauonja.

Kiharusi kilimchukua kwa siku tatu.

Ndiyo hayo. Na katika dakika nne zile sikutaja korongo, sikutaja mfuko wa saruji, mbuzi wa miguu mitatu, wala kidonge chekundu chini ya mwamba. Niliona ni mambo ya nyumbani, hayafai kusomwa mbele ya viongozi wa serikali na wachungaji. Nikawapa tarehe. Mwaka uliofuata tulipokwenda kujengea kaburi niliandika upya na kusoma tena, mbele ya watu wasiofika thelathini, na yule fundi alikuwepo. Safari hiyo hakuniuliza kitu. Aliendelea kuandika jina la mama kwenye saruji mbichi kwa herufi zile zake nzuri, hakunyanyua kichwa mpaka nilipomaliza.

Kwa hiyo dada, tarehe ziweke, familia inazitaka na ni haki yao, ila zipeleke mwisho, na zisizidi mistari sita. Anza na kitu ambacho mama yako alikifanya kwa mikono yake mbele ya watu. Kama hukijui, na si ajabu hukijui, maana sisi watoto wa walimu tuliwaona wakirudi wamechoka tu, leo hii piga simu tatu: mwanafunzi wake wa zamani, mwalimu aliyefundisha naye, jirani. Usiwaulize "alikuwa mtu wa namna gani", watakuambia mcheshi, mkarimu, mcha Mungu, utabaki pale pale. Waulize aliwafundisha kufanya nini, na alifanyaje. Waache waongee, wewe andika maneno yao kama yalivyotoka.

Ila kabla ya simu, kabla ya kalamu, kuna jambo nataka ulifanye asubuhi hii ukiamka, na ndilo hasa lililoniamsha kitandani. Nenda chumbani kwake, kusanya kila alichochora, alichosuka, alichofinyanga, hata kama ni kipande, hata kama kinaonekana takataka. Weka kwenye sanduku la bati, funga, ufunguo kaa nao wewe.

Kwetu haikufanyika hivyo. Chini ya kitanda cha mama kulikuwa na bunda la karatasi za kaki, zimekunjwa na kufungwa kamba ya katani, kazi alizozihifadhi toka 1981: zake na za wanafunzi wake bora wa kila mwaka. Siku ya pili ya msiba mvua ilinyesha, kuni zikalowa, watu mia mbili wanasubiri chakula. Mmoja wa waliokuwa jikoni aliingia ndani kutafuta cha kuwashia moto, akaona mifuko ya saruji ya zamani. Sijamlaumu hata siku moja. Ilikuwa mifuko ya saruji ya zamani. Nilifika jikoni nikakuta zimebaki nne, moja imeungua pembe, imechorwa punda amesimama kwa nyuma, anaonekana miguu miwili tu.

Hizo nne nimezilaza bapa katikati ya karatasi nyeupe safi, mbali na jua, mbali na mchwa. Usizipeleke za mama yako kutiwa nailoni kwenye maduka ya steshenari, joto la ile mashine na ile gundi vitaziua na hutaweza kuzibandua tena. Zipige picha nje kivulini, simu ikiwa sambamba na karatasi, bila mwanga wa simu. Nyuma ya kila moja andika kwa penseli ni ya nani na ya lini, ukiwauliza wakubwa wakati bado wapo hapo msibani wote, maana Jumapili watatawanyika.

Jumamosi mshereheshaji atakuambia una dakika tano. Mwambie baba mkubwa au mjomba, yeyote mwenye sauti kwenye kamati, akuombee kumi. Soma polepole. Na kama kuna kazi yake moja inayobebeka, iwe karatasi au kikapu, mpe mjukuu aishike pale mbele wakati unasoma.

Poleni sana wewe na familia yote. Mungu awatie nguvu. Ukikwama tena usiku wa Ijumaa niandikie, nitakuwa macho.